Shukrani kwa mzee wetu wa Kizimkazi

Assalaamu alaykum, na salamu kwa watu wa imani zote.

Sisi wanafunzi wa vyuo vikuu tuliokuja Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kwa mafungo ya kiroho, Waislamu, Wakristo na wenzetu Wahindu, tunamshukuru mzee aliyetupokea, akakataa katakata kutajwa jina. Haya mzee wetu, hatulitaji. Lakini kunyamaza hatuwezi.

Nyumba tuliyoahidiwa ilitukatalia, nasi tushafika na mizigo. Ukatufungulia baraza na vyumba, ukatandika majamvi, wasichana ukawapeleka kwa binti yako. Uliuliza kila mtu anakula nini. Wasiokula nyama wakapikiwa kisamvu cha nazi kwenye chungu chao peke yake, bila wao kuomba.

Ukatupeleka wote msikiti wa kale, ukatuonesha maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107 penye kibla, na maswali ya wasio Waislamu ukayajibu kwa subira, hata yale mazito.

Lililotugusa zaidi ni la Jumapili. Kabla jua halijatoka uliwachukua Wakristo kwa gari yako hadi mjini, Kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Safari ndefu ile! Ukawasubiri nje mpaka ibada ikaisha, na pesa ya mafuta ukaikataa.

Mwenyezi Mungu akupe afya na umri mrefu, wewe, mama na wote wa nyumbani. Picha tulizopiga pamoja tumeshazisafisha, tutakuletea wenyewe inshallah.