Harambee ya Patsy Cline: tumchangie binti yetu wa Mabatini aende Dar kutibiwa moyo

Shikamooni wakubwa zetu, na wadogo zetu habari zenu, na nyie mlioko nje ya Mwanza ila moyo bado uko huku ziwani, hii inawahusu pia.

Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha wapenzi wa muziki wa country hapa Kirumba, wale tunaokutana Jumamosi jioni pale kwa fundi friji, wengi mnatujua, nusu yetu wanakwaya na nusu watu wa mwaloni, bodaboda, mamalishe na walimu wawili watatu. Tunaomba mchango. Nitaeleza mchango ni wa nini na kwa nini tumeuita kwa jina la Patsy Cline, yule mwimbaji wa country, maana watu wameshaanza kuuliza marehemu wa Marekani anahusiana nini na mtoto wa Mabatini, na wanastahili jibu zima.

Wengi wetu country tuliingizwa na wazee, Jim Reeves Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, halafu Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton. Patsy baadhi yetu tumemjua ukubwani, mtu kaleta nyimbo zake kwenye flashi, tukaziweka, na watu wakaacha kuongea. Mimi nilichokipenda ni jinsi anavyolichelewesha neno, mdundo unapita yeye bado amelishika, halafu analiachia taratibu kama vile hana haraka na mtu. Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1932 kule Winchester, Virginia, jina la nyumbani Virginia Patterson Hensley. Baba aliondoka akawaacha, binti akaacha shule akawa anauza vinywaji kwenye duka la dawa, usiku anaimba popote atakapokubaliwa, na mama yake Hilda alikuwa fundi cherehani, nguo zake za jukwaani zile za kikauboi zenye pindo za kuning'inia ni mama yake ndiye alikuwa anamshonea. Januari 1957 akashinda shindano la vipaji kwenye televisheni, nchi nzima ikamjua. Tarehe 5 Machi 1963 akafariki. Miaka 30 jamani! Hesabu mwenyewe, tangu ile televisheni mpaka kifo ni kama miaka sita tu, na ndani ya hiyo sita akafanya kazi ambayo watu bado wanaisikiliza zaidi ya miaka 60 baadaye, na mwaka 1973 akawa mwanamke wa kwanza kuingia kwenye Country Music Hall of Fame, ule ukumbi wa heshima wa wanamuziki wa country, kama mwimbaji wa peke yake.

Sasa sikilizeni alikuwa anatoka wapi siku aliyokufa. Kulikuwa na mtangazaji wa redio Kansas City anaitwa Jack Call, alikufa kwa ajali ya gari Januari 1963 akaacha familia. Wasanii wa Nashville, ule mji wa muziki wa country, wakasema hatuwezi kukaa kimya, wakapanga kwenda kuimba bure na hela iende kwa mjane. Hiyo ni harambee ndugu zangu, hata kama wenyewe hawaiiti hivyo. Tarehe 3 Machi Patsy akaenda, ana mafua makali, na akapanda jukwaani kwenye maonyesho yote matatu ya siku hiyo. Kesho yake ukungu, ndege haiwezi kuruka. Rafiki yake Dottie West, naye mwimbaji, akamwambia panda gari letu twende wote, safari ndefu lakini tutafika. Akakataa, alitaka kuwahi watoto, Julie alikuwa na miaka minne na mdogo wake miwili. Tarehe 5 wakaruka na kandege kadogo, wakatua Dyersburg kuongeza mafuta, wakaambiwa hali ya hewa mbele mbaya, laleni hapa. Rubani alikuwa meneja wake mwenyewe Randy Hughes, akaona atafika tu. Waliangukia msituni karibu na Camden, Tennessee, wote wanne wakafa, Patsy, Randy, na waimbaji wengine wawili Cowboy Copas na Hawkshaw Hawkins ambao nao walikuwa wametoka kwenye ile ile harambee.

Kwa hiyo mimi naona hivi, na kikundi kizima tumekubaliana, mtu aliyekufa akitoka kumchangia mjane huwezi kumkumbuka kwa kupiga nyimbo zake halafu mkanywa soda mkaenda kulala. Miaka yote tumefanya hivyo na hakuna ubaya, lakini mwaka huu hapana. Mwaka huu tunachanga.

Na kuna jambo lingine ndilo lililotugusa zaidi. Patsy akiwa na miaka kama 13 aliumwa koo, ikaja homa ya rumatiki, akalazwa, moyo ukasimama, ikabidi awekwe kwenye hema la oksijeni. Akapona. Mwenyewe aliwahi kusema homa ile ilimgusa koo na alipopona ndipo akatoka na ile sauti nzito. Kitaalamu sijui watu watasemaje kuhusu sauti, ila ugonjwa ule ni ule ule tulionao hapa mtaani leo.

Binti yetu ana miaka 14. Jina na picha hatutaweka na tunaomba na nyie msiweke, tumekubaliana hivyo na mama yake. Anaimba alto kwenye kwaya ya watoto, na nyumba yao iko kule juu Mabatini kwenye mawe, mnapajua, hakuna gari wala pikipiki inayofika, ni ngazi za mawe na vinjia. Huyu mtoto alikuwa anapanda na ndoo ya maji kichwani bila kushika kitu. Mwaka jana akaanza kupumzika kwenye lile jiwe kubwa la katikati. Baadaye akawa anapumzika mara mbili, mara tatu, halafu mdogo wake ndiye akawa anabeba ndoo. Kwaya walifikiri anadeka. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeona, anasema mtoto alikuwa anaimba nusu ya mstari halafu anashika benchi la mbele, midomo inaendelea kutembea lakini sauti haipo, anasubiri pumzi irudi ndipo aungane na wenzake kwenye kiitikio. Jioni miguu imevimba, soksi zimeacha alama. Sehemu ya kwanza walipoenda walipewa dawa ya kikohozi wakarudishwa nyumbani, wakaenda tena wakapewa nyingine. Mpaka alipopimwa moyo kwa ile mashine ya picha ndipo ikaonekana valvu, ule mlango wa ndani ya moyo unaopitisha damu, imeharibika.

Wazazi naomba hapa msome taratibu. Inaanza na koo. Mtoto anaumwa koo, mafindofindo yamevimba, homa, ni bakteria, na mara nyingi yule mdudu angeuawa na penisilini mambo yakaisha. Asipotibiwa, kwa baadhi ya watoto, wiki chache baadaye kinga ya mwili inayopigana na mdudu inageuka inashambulia mwili wenyewe, viungo vinauma na kuvimba, leo goti kesho kiwiko, na moyo nao unaguswa. Viungo vinapona, moyo unabaki na kovu. Valvu ni kama mlango wa duka uliopinda, haufunguki wote na haufungi vizuri, damu iliyotakiwa kwenda mbele inarudi nyuma, moyo unafanya kazi mara mbili mpaka unachoka. Inawapata hasa watoto wa miaka 5 mpaka 15, na hasa wale wanaolala wengi chumba kimoja, maana koo linaambukizana. Hapo sijataja uchawi wala kurogwa kwa sababu hakuna, na mama wa huyu binti ameshasumbuliwa vya kutosha na maneno hayo.

Mama yake naye ni fundi cherehani. Yuko Mlango Mmoja, anapunguza suruali za mitumba, anabadilisha zipu, anakunja pindo. Tulipomweleza habari za Hilda na zile nguo za kikauboi hakusema kitu, aliuliza tu kama yule mtoto alipona kabisa. Tukamwambia alipona, akaimba.

Binti ameshaandikiwa rufaa kwenda Dar, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Upasuaji wenyewe familia inafuatilia kupitia ustawi wa jamii na wameshaelekezwa njia ya kupita. Sisi tumejibebesha vile vinavyozunguka upasuaji, ambavyo ndivyo vinakwamisha watu wengi. Nauli ya mtoto na mama kwenda na kurudi, na daktari ameshauri wasikae kwenye basi siku nzima kwa hali ile kwa hiyo tunataka angalau kwenda wapande ndege. Chakula na nauli za daladala wakiwa Dar, wamepata pa kufikia kwa ndugu Mbagala lakini ndugu mwenyewe ana watoto watano. Vipimo na dawa za nje. Kodi ya chumba cha Mabatini na ada za mdogo wake maana cherehani haitakuwa inalia kipindi chote hicho. Na baada ya upasuaji, kama atawekewa valvu ya chuma, kuna dawa ya kuzuia damu isigande ambayo hainywewi mwezi mmoja ikaachwa, ni ya maisha, na lazima apimwe damu mara kwa mara. Tumepiga hesabu na watu wanaojua, lengo letu ni shilingi milioni 6. Mpaka naandika hapa tuna milioni moja na laki nne, nyingi zimetoka mwaloni, wale kina mama wa dagaa walipitisha ndoo asubuhi moja tu na Mungu awabariki sana.

Ikizidi, hata kidogo, inaingia kwenye mfuko wa sindano. Wapo watoto wengine ambao moyo umeguswa lakini bado haujafika kwenye upasuaji, hao wanachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka, ili koo lisirudi kuharibu zaidi. Sindano inauma, mtoto anachechemea siku nzima, na wengine wanatoka mbali, Ukerewe, Sengerema, hata daraja la Kigongo–Busisi likiwepo nauli bado ni nauli. Mama anaangalia hela ya nauli na hela ya unga, anasema mwezi ujao. Miezi miwili ikipita ndiyo imetoka hiyo. Huo mfuko ni wa nauli tu, hatutatoa pesa taslimu, tutalipia safari na tutaandika.

Harambee yenyewe itakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe 5 Machi, kuanzia saa nane mchana, kwenye uwanja wa kanisa hapa hapa Kirumba. Kiingilio hakuna. Kwaya mbili zitaimba, na sisi tutapiga country, gita tunazo, kinanda tumeahidiwa, tunachokosa ni spika za nje na maiki mbili, mwenye nazo atuazime siku moja, zitarudi salama. Kutakuwa na mnada wa sato wabichi na jogoo, na mama mmoja ametoa keki. Waislamu na wasio na dini karibuni vile vile, hii sio ibada, na moyo wa mtoto hauna dhehebu.

Wimbo mmoja tumeuweka wa mwisho, "Crazy". Niwaambie kwa nini. Juni 1961 Patsy alipata ajali mbaya ya gari, akarushwa kwenye kioo cha mbele, karibu afe. Akiwa bado amelazwa alisikia redioni mwimbaji mgeni mjini Loretta Lynn anaimba wimbo wa Patsy na kumtakia afya, akaagiza aletwe hospitali, wakawa marafiki wa kweli, Patsy akawa anamgawia mpaka nguo, na Loretta alipojifungua mapacha mwaka 1964 mmoja akamwita Patsy. Agosti ile ile ya ajali akaenda studio na magongo kurekodi huo wimbo, ambao aliuandika Willie Nelson, na ikashindikana, mbavu zilikuwa bado zinauma, pumzi haifiki kwenye noti za juu. Hawakumlazimisha. Akaenda nyumbani, akarudi baadaye pumzi ikiwa imerudi, akauimba. Tumempa binti yetu aamue, amesema atakaa kwenye kiti na ataimba mistari miwili, iliyobaki tuimbe sisi.

Namna ya kutoa. Mweka hazina wetu ni yule mwalimu mstaafu, na namba ya kutuma iko kwenye kadi za ahadi na kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni mwa kanisa. Usitume kwa namba nyingine yoyote hata ukipigiwa simu na mtu anajiita katibu, mimi katibu sipokei hela. Ukituma andika jina lako au andika "rafiki" kama hutaki kujulikana, na kila Ijumaa jioni tutaweka kwenye grupu na pale mlangoni kiasi kilichoingia na kilichotoka, risiti zote mtaziona. Buku inapokelewa, jero inapokelewa, na mwenye laki atoe laki, tusiogopane. Mwenye ahadi aandike tarehe anayoweza kweli. Na mlioko Dar ambao mnaweza kumpokea mama uwanja wa ndege, kumsindikiza Muhimbili siku ya kwanza au kuchangia damu, hiyo ni michango mikubwa sana kwetu maana mama hajawahi kufika Dar.

Tarehe ya kuripoti hospitali ni mwishoni mwa Machi, tiketi tunataka tuzikate Jumatatu baada ya harambee, kwa hiyo anayeweza kutuma kabla ya Jumamosi ile atume kabla. Mwabeja sana.

Katibu, kwa niaba ya wapenzi wa country, Kirumba