Barua kwa mwanangu Manka, kabla hajashuka Dar

Mwanangu Manka,

Shangazi yako ndiye aliyeniambia kuwa umeshasaini mkataba na Jumatatu unaondoka. Mimi mama yako nasikia njiani, nikitoka jumuiya! Haya, tuyaache. Utafiti wa watoto njiti ni kazi ya heshima, na nimeshajisifu kwa nusu ya Kiboroloni.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi, nalo ni ile fomu ya ridhaa, ya mama kukubali kuingizwa kwenye utafiti na mtoto wake. Mwanamke mwenye uchungu hata umwambie asaini kuuza kihamba, shamba la ukoo, atasaini. Nimekaa leba miaka mingi, nawajua. Atakuitikia "ndiyo, nesi" ili umwondokee tu. Sasa utarudi ofisini na dole gumba lake kwenye karatasi, useme ameridhia?

Sisemi utafiti ni mbaya. Ule wa kangaruu uliotoka 2021, wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu, ulionyesha kuwa njiti akiwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa, bila kungoja hali yake itulie, anapona zaidi. Kati ya waliowekwa mapema walifariki 12 kwa kila 100 ndani ya siku 28. Waliosubirishwa, karibu 16. Ukasimamishwa kabla ya muda wake, maana haikuwa haki tena kuendelea kuwasubirisha wengine. Enzi zetu tulikuwa tunamchukua mtoto, mama tunamzuia mlangoni, na ukali juu. Ndivyo tulivyofundishwa.

Lakini hao karibu 16 nao walikuwa na mama zao, Manka. Mama anayepangiwa kundi kwa bahati nasibu aelezwe wazi kwamba si daktari aliyemchagulia, na kwamba daktari mwenyewe bado hajui lipi ni bora. Wala usimwahidi kitu. Mfano, dawa ya klorheksidini ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga ilipunguza vifo Nepal na Bangladesh. Ilipojaribiwa Pemba, haikuonekana tofauti ya kutegemewa.

Waelezeni kliniki, mapema. Najua utaniambia anayejifungua mimba ya miezi saba huwa hajajiandaa, pengine kliniki amefika mara moja. Huyo basi mwambie machache, umrudie akishatulia, umuulize tena kama bado anataka. Akikuuliza, "Nikikataa mtanihudumia?" usimjibu kwa kukariri, mtazame usoni. Na mama mkwe akijibu kwa niaba yake, mtoe nje kwa adabu. Wewe una haraka tangu utoto, ndiyo maana narudia: ridhaa haiombwi kwa haraka.

Nitumie picha ya hiyo fomu niisome. Kama mimi mkunga mstaafu siielewi, yule binti wa Tandale ataielewaje?

Mtungi wa gesi umekwisha, tumerudi kwenye kuni. Ng'ombe hajambo, ila maziwa yamepungua na baba yako anasingizia majani ya kiangazi. Simu yake haishiki chaji, pesa tuma kwenye namba yangu. Ndizi mshare nimekufungia kwenye kiroba cha bluu, usimwachie konda aweke chini ya mizigo. Kadi ya mchango wa kipaimara cha Eliaika iko mezani. Shangazi yako amekuandikia 50,000. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Mama yako