Barua kwa mwanangu: teke lililotoka kwangu mwenyewe

Mwanangu,

Asalam aleykum. Mie mzima, bibi'ako mzima, anakusalimu na anauliza kama huko Dar unakula ukashiba. Kisicho kizima ni bega langu la kulia, ndiyo maana mwandiko umelala hivi.

Jumamosi kazini walitupeleka uwanja wa shabaha. Tangu nianze ulinzi hapa hotelini Paje silaha yangu ni rungu na tochi. Sasa wametaka watu wanne wajue shotigani, na mwanamke ni mie peke yangu. Tulitoka baada ya Alfajiri, tukarudi jua linazama. Kule ni maweni matupu, lakini nyuma ya karatasi za shabaha wamerundika tuta kubwa la udongo, maana marisau, zile chembe zinazoruka kutoka kwenye shotigani, yakigonga jiwe hujui yatarukia kwa nani.

Saa mbili za mwanzo hatukupiga hata moja. Mwalimu, askari mstaafu, alitufunza kubeba tu. Bunduki ihesabu ina risasi hata kama umeifungua mwenyewe sasa hivi. Mtutu usimtazame mtu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umeamua. Na ujue kilicho nyuma ya unachokilenga. Mwenzetu mmoja aliitwa jina, akageuka kuitika, mtutu ukageuka naye. Hakugombwa. Alinyang'anywa bunduki akakalishwa kivulini mpaka adhuhuri, na sisi wengine tukawa tunageuza shingo tu, mwili hautikisiki.

Bunduki zenyewe ni namba 12. Mie nilidhani ni namba ya kiwandani. Kumbe ukichukua ratili moja, kile kipimo cha zamani cha karibu nusu kilo, ya risasi, ile madini, ukaigawa mafungu 12 sawa, kila fungu ukalifanya gololi, upana wa gololi ndio upana wa mtutu: kama milimita 18 na nusu. Bibi'ako kusikia ratili akafurahi, akaanza hadithi za sukari ya zamani, sikumaliza kumweleza.

Na tulikuwa tunadanganyana kwamba shotigani haina haja ya kulenga, ukielekeza tu marisau yanajaa mlango mzima. Si kweli. Zile zetu zina chembe 9 ndani ya risasi moja, na kwa mtutu usiobanwa mdomo hutawanyika kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kwa mita 5 ni kiganja. Kwa mita 10 ni sahani ya wali. Ukikosa, umekosa na chembe zako zote.

Mie nilikosa. Mita 15, karatasi kubwa kama kanga iliyokunjwa mara mbili, na marisau yangu yanachimba udongo chini yake. Nikasema bunduki mbovu. Mwalimu akaichukua, akapiga moja, katikati. Nikasema basi ni teke lake, linanisukuma. Akanirekebisha: kitako kikae ndani ya shimo la bega, shavu liguse mti wa bunduki, uzito mguu wa mbele. Nikapiga tena. Udongo.

Akaniambia nitazame pembeni, akanijazia yeye. Nikaweka bega, nikalenga, nikabana. Kach! Hapakulia kitu. Alikuwa ameingiza risasi isiyo na baruti, na mtutu mbele ya watu wote umeinama kama pua ya ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Macho nilikuwa nimeyafumba.

"Bi mkubwa," akasema, "hilo teke limetoka wapi?"

Mwanangu, niliona haya ambayo sijayaona tangu niolewe. Kumbe mchana kutwa nilikuwa naukimbia mlio kabla haujalia. Tukarudia, nzima na isiyo na baruti amezichanganya, mie sijui ipi inakuja. Dawa yake ni kubana polepole, macho wazi, mpaka mlio ukukute hukuutazamia. Ikafika mahali kach inalia na mtutu umetulia. Karatasi ikaanza kutoboka. Halafu uchovu ukaniingia, bega likavimba, nikarudi kule kule kwenye udongo. Nikaomba nyingine, akakataa. Mtu aliyechoka, alisema, anajifunza kosa.

Usiku nilipokuwa najikanda kwa maji ya moto ndipo nilipokukumbuka wewe. Mwezi uliopita ulipiga simu baada ya Magharibi, ukasema, "Mama, chuo nime..." Hapo hapo nikaanza. Ada. Ng'ombe wa bibi'ako aliyeuzwa. Watu wa hapa watasemaje. Ukanyamaza, mie nikaendelea mpaka salio likakatika, na tangu siku hiyo unanitumia ujumbe wa salamu tu, kama mtu na mdai wake.

Mpaka leo sijui umeacha, umehama somo, au umefukuzwa. Bibi'ako anasema pengine ulitaka kusema nimemaliza, lakini huyo anakupenda kupita kiasi. Neno lako lilikatikia kwenye "nime", na aliyelikata ni mie.

Alkhamisi sina zamu. Vocha nitakurushia mchana. Nipigie baada ya Isha, uanzie pale pale.

Mamako