Vipimo vya jeni: wasomaji waelezwe hesabu yake

Mhariri,

Kila ninaposoma gazetini kwamba zimegunduliwa jeni zinazotabiri dawa itakayomfaa mgonjwa wa saratani, hutafuta kwanza idadi mbili, na mara nyingi sizikuti: jeni zilizopimwa ni ngapi, na wagonjwa walikuwa wangapi.

Kipimo kiitwacho mikroarei huonesha kwa mkupuo mmoja utendaji wa maelfu ya jeni katika seli, na ugumu wa takwimu huanzia hapo. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walilinganisha aina mbili za saratani ya damu kwa kupima jeni 6,817, wakianza na wagonjwa 38 tu. Ukitumia kigezo cha kawaida cha asilimia 5 kwa kila jeni, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 kati ya 100, basi hata kama hakuna inayotofautiana kweli, takriban 341 zitaonekana kutofautiana kwa bahati tu. Watafiti wale walilitambua hilo: walichanganya majina ya makundi kwa nasibu mara nyingi, wakaona bahati peke yake ingezaa nini, kisha wakajaribu matokeo yao kwa sampuli nyingine 34.

Hata hivyo, mbinu nzuri haiokoi jedwali lililovurugika. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitangaza katika jarida la Nature Medicine kwamba utendaji wa jeni ungeweza kuwaongoza madaktari kuchagua dawa za saratani. Keith Baggerly na Kevin Coombes, wa kituo cha saratani cha MD Anderson mjini Houston, waliporudia hesabu hizo kutoka kwenye data ghafi, waligundua kuwa orodha za jeni zilikuwa zimeteleza mstari mmoja, kila jina likikaa mahali pa jirani yake. Ni kosa ambalo wanafunzi wangu hulifanya wanaponakili safu bila kuangalia kichwa cha jedwali. Baya zaidi, kwa baadhi ya dawa, seli zilizodhuriwa na dawa na zile zilizoistahimili zilikuwa zimebadilishana majina, kwa hiyo mgonjwa angeweza kuchaguliwa dawa ile ile isiyomfaa. Majaribio kwa wagonjwa yalikuwa yameshaanza. Yalisimamishwa kabisa mwaka 2010, na makala ikaondolewa mwaka 2011.

Nawaomba waandishi wako waulize kila mara kama data ghafi na programu za hesabu zimewekwa wazi, na ni nani mwingine amezirudia. Wakijibiwa kwamba ni siri, waliandike hilo pia.

Mwalimu wa takwimu,
Morogoro