Kamera moja tu msibani

Mhariri,

Mara ya mwisho kuwaandikia sikuwa nimestaafu ualimu. Tangu hapo nimemeza mengi. Lakini ile ripoti yenu ya wiki jana, ya stesheni ipi ya runinga imeipiku ipi kwa watazamaji wa taarifa ya saa moja jioni, imenichoma. Mmeiandika kama msimamo wa ligi: huyu kapanda, yule kashuka. Namna watazamaji hao wanavyotafutwa hamkuigusa.

Mafuriko ya 2024 yalipotupiga huku Tana Delta, Kenya, maji yalimchukua kijana wa jirani yangu. Mwili ulipopatikana, magari ya stesheni mbili yalifika kabla ya mjomba wa marehemu. Stesheni zenyewe sizitaji. Mama amekaa mkekani, leso kajitanda hadi machoni. Vinasa sauti viwili vikamjia usoni, na mwenye kimoja akakisukuma cha mwenzake kwa kiwiko ili nembo yake tu ndiyo ionekane. Wakazozana papo hapo, juu ya kichwa cha mfiwa, na maiti iko chini ya mwembe imefunikwa turubai. Kisha mpiga picha akamwomba mama alie tena, eti mara ya kwanza mtu alikatiza mbele ya kamera. Alie tena! Nilimshika mkono mpiga picha yule nikamwambia atoke. Akanijibu, "Mwalimu, wenzetu wako hewani tayari." Nimeyakumbuka maneno hayo kila jioni tangu siku ile. Usiku huo stesheni zote mbili ziliandika "habari za kipekee" chini ya uso wa mama yule yule, na yeye akaja kujiona siku ya pili kwenye simu ya mtoto wa jirani, maana nyumbani hana runinga wala umeme.

Tena waliokufa maji wakaitwa "wahanga". Mhanga ni anayejitoa kafara. Kijana yule hakujitoa, alikuwa akivusha mbuzi. Semeni waathiriwa. Na "masaa" hayo ya kila taarifa, ilhali saa moja ni saa na saa kumi ni saa! Nimelifundisha hilo miaka 31, na watoto wakitoka darasani wanaenda kusikia kinyume chake kwa watu waliovaa suti. Mwandishi anayekimbizwa awe wa kwanza hafungui kamusi.

Najua matangazo ya biashara hufuata idadi ya watazamaji. Idadi yenyewe hupatikana kwa kuuliza watu, na kampuni kama GeoPoll huwauliza kwa ujumbe mfupi wa simu. Sensa ya 2019 ilikuta runinga katika takriban nyumba 4 kati ya kila 10. Hizo ndizo zinazogombaniwa, na aliyeanikwa mbele yao hayumo hata katika hesabu.

Wala nisiambiwe kwamba washindani hawawezi kukaa meza moja. Midahalo ya urais ya 2013 ilirushwa na stesheni mbalimbali kwa wakati mmoja. Februari 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa, Citizen, NTV na KTN zilishikana zikakaa bila kurusha chochote karibu wiki tatu, zikidai haki ya kuja na ving'amuzi vyao. Kwa biashara yao waliweza.

Maadili ya uandishi habari yaliyowekwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 yalitaka mfiwa aendewe kwa upole na busara. Mimi naomba yaongezwe haya: penye maiti iingie kamera moja tu, stesheni zipige kura ni ya nani. Isimame hatua ishirini kutoka mkeka wa wafiwa. Picha zigawiwe stesheni zote bure, pasiwe na wa kwanza. Na mama wa marehemu asiulizwe lolote mpaka tanga lianuliwe.

Mwalimu mstaafu,
Garsen