Gari la faya halikuja tupu, kibanda changu ndo kilikalia maji

Mhariri, salaam aleikum na pole na kazi. Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wa barua, najua siku hizi umejaa siasa na Coastal Union lakini na hili nalo ni la wana Tanga.

Mimi ni mama ntilie, nakaa Makorora. Miezi kadhaa iliyopita baada ya magharibi nyumba ya jirani yangu ilishika moto, ulianzia chumbani kwenye godoro, na godoro mnalijua, likishika halingoji. Watu wakapiga 114, gari likaja king'ora juu, vijana wakashuka wakatandaza mipira, moto ukaanza kunywea vizuri tu mara maji yakakata. Weee! Mtaa mzima ukalipuka, "mmekuja na gari tupu!", wengine washaokota mawe, na mimi sitadanganya mhariri, nilipiga kelele kuliko wote, kanga nimejifunga kiunoni kabisa. Gari likabidi liondoke kwenda kujaza, kurudi vyumba viwili vimekwisha. Mshukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Sasa baadhi ya vijana wa faya hunywa chai kwangu asubuhi. Kesho yake mmoja kaja, nikamwambia huli chapati yangu leo mpaka unieleze maji mliyapeleka wapi. Akacheka, akasema mama, hebu tupige hesabu. Gari la kawaida linabeba kama lita 5,000. Mpira mmoja ukifunguliwa sawasawa unatoa lita 400 mpaka 500 kwa dakika, mkifungua miwili dakika tano sita tangi limekauka, na lile lilikuja limejaa pomoni. Yaani mimi nikisikia lita 5,000 naona bahari, ndoo 250 zile za lita 20, kumbe kwa moto ni kama kumnywesha ng'ombe kwa kikombe.

Akanieleza mengine ambayo sikuwahi kuyafikiria. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lile gari linalala na tani tano mgongoni kila siku hata kama halijatoka, maana haliwezi kukaa tupu likisubiri simu, ndo mana matairi na springi zinachoka likiwa limesimama pale pale. Halafu injini inayoliendesha ndo hiyo hiyo inayozungusha pampu, sasa ukisikia linanguruma limesimama usidhani wanachezea mafuta. Na mtungi wa hewa wanaobeba mgongoni ni wa nusu saa hivi, mtu akihema kwa nguvu haufiki hata hiyo, ukikaribia kuisha unapiga filimbi wenyewe atoke asitoke shauri yake. Mtoto wa mtu anaingia kwenye moshi na kitu cha nusu saa sie nje tunamrushia mawe.

Nikamuuliza mbona bahari ipo hapo tu, si mchote. Akasema inawezekana lakini pampu haivuti maji kutoka popote, kina kikizidi kama mita nane hivi inashindwa hata iwe mpya, na Tanga yetu maji yakipwa, hasa siku za bamvua, ufukwe wenyewe unakimbia huko unabaki na tope, gari la tani zote zile utaliingiza wapi? Na ukitumia maji ya chumvi lazima usafishe pampu na mipira kwa maji baridi baadae la sivyo kutu inakula.

Kwa hiyo maji ya faya ni yale ya mabomba yaliyofukiwa barabarani, wenyewe wanaita haidranti. Gari likifika wanafungua mfuniko, wanaunga mpira, tangi linajazwa huku moto unaendelea kuzimwa. Nikamuuliza kwetu lipo? Akaninyamazia kwanza, akanywa chai, akasema mama si unapika juu yake.

Mhariri nilitamani ardhi ipasuke. Kile kichuma nakijua! Kiko chini ya jiko langu miaka yote, nilikiwekea tofali nikapata pa kuegemeza sufuria la maharage. Nilidhani ni la maji machafu. Na sikuvamia mie, aliyenionyesha pale alikuja na risiti za ushuru mkononi akasema mama kaa hapa panakufaa, na baadae nikachukua kile kitambulisho cha wajasiriamali cha elfu 20, hakuna hata mmoja aliyeniambia inuka. Wale waliokuja kupanua barabara nao wakamwaga kifusi nusu ya mfuniko wakaenda zao.

Ndo mana nawaomba wakubwa wa jiji, tunasikia kila mara wananchi tunadai gari jipya, gari kubwa, na mimi nilikuwa nadai. Gari lije sawa, ila hata likija la lita 10,000 ni dakika kumi na kitu tu. Tangulizeni yale mabomba, yatafutwe mtaa kwa mtaa, Ngamiani barabara zimepangwa kwa namba tangu ya kwanza mpaka ya 21 kwa hiyo hata kuyahesabu si kazi, yapakwe rangi nyekundu, yafunguliwe yaonekane kama yanatoa maji au yamekufa. Na povu la kuzimia petroli liwepo la kutosha, maana malori ya mafuta yanatoka upande wa bandarini kila siku na petroli inaelea juu ya maji, ukiimwagia maji matupu unaitembeza tu. Msamvu kule Morogoro Agosti 2019 walikufa zaidi ya watu 100 kwa lori moja.

Mimi kibanda nimekisogeza hatua sita, tofali nimetoa, mfuniko nimeusugua kwa brashi ya chuma. Asubuhi ya pili yake nakuta jamaa wa viatu vya mitumba katandika turubai lake juu yake, namwambia inuka hapo pa faya, ananijibu ana risiti.

Mama Ntilie,
Makorora, Tanga