Tuambiwe kwanza simu zetu zitahudumiwa hadi lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa wiki mbili sasa linanifuata kila siku kibandani kwangu hapa Uyole, kwenye njia panda ya kwenda Tukuyu na Kyela, ninakofanya kazi ya uwakala wa fedha. Wateja wangu wengi wana simu za aina moja, ambazo ziliuzwa sana hapa Mbeya miaka miwili iliyopita, na sasa wamepata ujumbe kwenye vioo vyao kwamba toleo jipya la mfumo endeshi wa Android liko njiani na kwamba watajulishwa litakapokuwa tayari kupakuliwa. Wakishamaliza kuweka au kutoa fedha hawaondoki. Wananisogezea simu dirishani na kuuliza, "Kaka, hili likija tulikubali au tulikatae?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mama anayekusanya viazi Isyonje na kuvipakia kwenye lori la Dar es Salaam amehifadhi katika simu hiyo hesabu za wakulima wanaomdai, picha za mizigo na namba za madalali. Mzee wa Rungwe aliyeuza parachichi zake msimu uliopita alilipwa kupitia simu hiyo, na fedha za ada za wajukuu bado zimo humo. Kijana wa bodaboda anaitumia tangu alfajiri hadi usiku. Watu hawa hawana simu ya pili ya kujaribia, wala kompyuta nyumbani ya kuwekea nakala ya vitu vyao.

Wanachokitarajia kutoka kwa toleo jipya ni kidogo. Wanataka chaji ifike jioni, simu isipate moto mfukoni, picha zao zibaki zilipo, na wakiandika Kiswahili simu isiwageuzie maneno. Sijawahi kumsikia mteja akiuliza kuhusu mapambo ya kioo au umbo jipya la vialama vya programu, ingawa hayo ndiyo hutangulizwa katika matangazo. Wanachokiogopa nacho kinajulikana: kwamba siku ya pili simu itakuwa nzito, itaanza kuganda, na nafasi yote itakuwa imeliwa.

Hofu hiyo ninaielewa kwa sababu yamenipata. Mwaka jana, katikati ya mvua za masika, nilikubali sasisho la namna hiyo kwenye simu ninayofanyia kazi ya uwakala wa benki. Lilikuwa na ukubwa wa karibu gigabaiti mbili, likamaliza bando la wiki nzima kwa usiku mmoja. Asubuhi simu iliwaka vizuri, lakini nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo kiasi kwamba programu ya uwakala iligoma kufunguka, na nje kulikuwa na foleni ya watu waliotoka sokoni. Laini ya fedha za simu niliihamishia kwenye kitochi nikaendelea kuwahudumia kwa menyu ya nyota, ila wateja wa benki niliwarudisha wote. Niliipeleka simu Mwanjelwa, na fundi, baada ya kuhangaika nayo kwa muda mrefu, akaniambia kwamba aina ile hairudi kwenye toleo la zamani bila kuiflashi na kufuta kila kilichomo. Nilipoteza siku mbili za kazi. Kampuni iliyotengeneza simu hiyo sitaitaja, kwa sababu shabaha yangu si kuishitaki gazetini. Kinachoniuma ni kwamba ujumbe niliobonyeza kuukubali uliniahidi simu bora zaidi, na haukunieleza kwamba nikishakubali sina njia ya kurudi, wala kwamba simu yenye nafasi ndogo kama yangu ingebaki bila pumzi.

Vijiweni kuna maneno kwamba kampuni huzichosha simu za zamani makusudi ili tununue mpya. Mimi sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa kila sasisho, lakini wanaosema hivyo hawakulitoa hewani. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba mfumo wake ulikuwa ukipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ikaeleza kuwa ilifanya hivyo ili simu zisizimike ghafla. Maelezo hayo yana mantiki, maana betri iliyozeeka kweli hushindwa kutoa nguvu ya kutosha simu inapopewa kazi kubwa. Hata hivyo, Februari 2020 mamlaka ya Ufaransa inayolinda walaji ilitangaza faini ya euro milioni 25 dhidi ya kampuni hiyo, kwa kuwa wenye simu hawakuambiwa kwamba masasisho yale yangeweza kuzipunguzia kasi. Kabla ya hapo, Oktoba 2018, mamlaka ya ushindani ya Italia ilikuwa imeitoza Apple euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5. Kwa upande wa Samsung, wenye Galaxy Note 4 walikuwa wamehimizwa kupokea mfumo ulioandaliwa kwa ajili ya Note 7, ambayo ni simu yenye uwezo mkubwa zaidi. Wenzetu hao walipata pa kulalamikia, wakasikilizwa, na kilichoadhibiwa zaidi ya kitu kingine chochote ni kumficha mteja habari aliyoihitaji kabla ya kubonyeza.

Pamoja na hayo yote, siwezi kumshauri mteja wangu akatae kila sasisho, na hapa natofautiana na baadhi ya mafundi wetu, ambao ushauri wao siku hizi ni "usiguse kabisa". Ndani ya neno hilo moja, sasisho, mna vitu viwili. Kuna toleo jipya la mfumo mzima, ambalo Google hulitoa karibu kila mwaka. Android 14 ilitoka Oktoba 2023, Android 15 ikafuata Septemba 2024, na Android 16 ikaja mapema zaidi, Juni 2025. Kisha kuna viraka vya usalama, ambavyo ni vidogo na kazi yake ni kuziba matundu ambayo wezi wanaweza kuyapitia. Mwaka 2015 watafiti walifichua udhaifu uliopewa jina la Stagefright katika sehemu ya Android inayoshughulikia video, ambao uliwezesha simu kuvamiwa kwa kutumiwa ujumbe wa picha tu, na katika baadhi ya simu bila hata mwenyewe kuufungua. Kuanzia Agosti mwaka huo Google imekuwa ikitoa taarifa ya usalama kila mwezi. Kwa mtu ambaye ada za wajukuu zimo ndani ya simu, kiraka hicho ni sawa na komeo la mlango, na kumwambia asiliguse ni kumwacha alale mlango wazi.

Ubaya ni kwamba vitu hivi viwili humfikia mtumiaji vikiwa na sura moja, ujumbe mmoja na kitufe kimoja, kiasi kwamba aliyeumizwa na toleo jipya huishia kukimbia hata komeo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kijana mmoja wa bodaboda aliponiruhusu kufungua mipangilio ya simu yake, mahali panapoonyesha toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama, tulikuta tarehe ya zaidi ya miaka miwili nyuma. Alikuwa amekataa kila kitu tangu rafiki yake alipoharibikiwa. Hakujua kwamba alikuwa amekataa pia kinga ya fedha zake.

Inafaa pia wasomaji wajue kwa nini simu za bei yetu huchelewa, au hazifikiwi kabisa. Google ikishamaliza toleo, halitui moja kwa moja kwenye simu ya Uyole. Watengenezaji wa chipu lazima waliandae lilingane na chipu zao, kisha kampuni ya simu iweke programu na mapambo yake, ijaribu, ndipo itume. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, Google ilibadili ujenzi wa mfumo ili sehemu inayotegemea chipu itengane na sehemu nyingine, na kazi ikapungua, lakini uamuzi wa kuingia gharama hiyo kwa ajili ya simu ya bei nafuu bado uko mikononi mwa kampuni. Ndiyo maana Google ilipotangaza Pixel 8 mwaka 2023 iliahidi masasisho ya miaka 7, na Samsung ikaahidi muda kama huo kwa Galaxy S24 mwaka 2024, ila hizo ni simu za bei ambayo mkulima wa viazi hawezi hata kuiulizia. Simu anayoweza kuinunua yeye huuzwa dukani bila neno lolote kuhusu muda wake, na anayenunua mtumba kutoka nje ana giza zaidi, kwa kuwa inawezekana kabisa huduma ya simu hiyo ilikwisha kabla haijafika Tunduma au bandarini. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, kanuni zinawataka watengenezaji waendelee kutoa masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 tangu simu ya mwisho ya aina hiyo ilipoingizwa sokoni. Sitarajii Tanzania ifikie hapo kesho. Lakini nakumbuka jinsi Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilivyozima simu bandia nchi nzima Juni 2016, na tukaona kwamba ikiamua, inaweza kuugusa mfuko wa kila muuza simu hadi huku kwetu. Tunayo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Naziomba TCRA na Tume ya Ushindani zikae pamoja na kumtaka kila anayeingiza simu mpya nchini aandike juu ya boksi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, mwezi na mwaka ambao viraka vya usalama vya simu hiyo vitakoma. Mstari huo mmoja ungetosha kumwezesha mama wa Isyonje kulinganisha simu mbili za bei moja. Muuzaji wa maziwa ya pakiti anatakiwa kuandika tarehe ya mwisho. Sioni kwa nini muuzaji wa kitu kinachobeba akiba ya familia asitakiwe.

Kwa kampuni zenyewe ombi langu ni jingine. Ujumbe wa kumtaka mtu akubali toleo jipya useme, kwa lugha aliyoichagua kwenye simu yake, ukubwa wake, nafasi itakayobaki baada ya kuliweka, na kama anaweza kurudi alikotoka. Na mtu akitaka kiraka cha usalama peke yake, bila kubadilishiwa sura ya simu aliyoizoea, apewe nafasi ya kufanya hivyo kwa muda mrefu iwezekanavyo.

Wakati tunasubiri, wanaoniuliza ninawaambia hivi. Wasiwe wa kwanza. Wangoje wiki kadhaa wasikie wenzao wenye simu kama hiyo wanasemaje. Wahamishie picha na namba mahali pengine kabla ya kukubali, waache nafasi ya kutosha, simu iwe na chaji, na wasifanye kazi hiyo siku ya soko. Sasisho la kweli hupatikana ndani ya mipangilio ya simu, hivyo ujumbe mfupi wenye kiungo cha kubonyeza "ili kusasisha simu yako" waufute papo hapo, kwa maana wezi wameshajifunza kutumia jina hilo. Na kiraka cha usalama kikija peke yake, wakipokee bila kuchelewa.

Ijumaa iliyopita yule mzee wa Rungwe alinisikiliza hadi mwisho, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akauliza swali jingine: simu hii niliyonunua kwa parachichi za msimu mzima, hao wenyewe wataendelea kuihudumia hadi lini? Tulitafuta kwenye boksi, kwenye kikaratasi cha maelezo na kwenye risiti ya duka, hatukukuta kitu. Naomba wanaoziingiza simu hizo wamjibu katika safu hii, nami nitalibandika jibu lao kwenye dirisha la kibanda changu.

Wako,
Wakala wa huduma za fedha,
Uyole, Mbeya.